Msimu Niliojifunza Kurudisha Tela

Juni 11, 1995. Jumapili.

Kila jioni nilizoea kumsimulia Selestini siku yangu ilivyokwenda. Yeye alikuwa anavua viatu pale mlangoni na kuitikia "enhee", hata pale ambapo najua hakusikia. Tangu Januari hayupo. Nimechoka kuongea na masufuria, ndiyo maana naandika.

Nianze na yale ambayo kila mtu hapa Lagangabilili anayajua. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika. Ushirika ulipoanza kuyumba madereva wakapunguzwa, na yeye akiwemo. Baba yake, Mzee Ngassa, akatoa ng'ombe, tukapata trekta kuukuu pamoja na tela lake la magurudumu mawili. Selestini akasema wanunuzi binafsi wanakuja, pamba itataka kubebwa kutoka vijijini hadi Bariadi kiwandani, sisi tutakuwa tayari. Halafu mwezi wa kwanza, mbegu zikiwa zimeshaota, akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu.

"Nachungulia tu," aliniambia. "Pamba ikipasuka niko hapa."

Pamba imepasuka. Shamba lote ni jeupe, na barabara ya kutokea Bariadi naiona vizuri kabisa nikiwa nimeinama kuchuma.

Juni 14.

Tumechuma kutwa. Upepo na vumbi. Vidole vimechanwa na vikonyo vya pamba.

Juni 20.

Leo Mzee Ngassa ameongea na mimi. Naandika kwa sababu ni jambo kubwa. Kwetu baba mkwe na mkwe hawasogeleani. Sikai alipokaa, simpi mkono, na chakula chake naweka kisha naondoka. Tukiwa na la kusema, kila mmoja anatazama upande wake.

Alisimama karibu na zizi, mgongo kwangu, akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, mayo."

"Mwadila, Baba."

"Watu wanauliza trekta. Felisita ameuliza, na wengine pia. Magari ya wanunuzi hayafiki huku ndani."

Nikatazama kule trekta lilipoegeshwa.

"Mwaka jana nilikuona unaliendesha kule kwenye pori la miti ya miiba, ile mihale."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani siku zile yuko machungani. Selestini ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anakaa kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, huku mimi nimeshika usukani, akicheka mpaka machozi kila nilipoachia klachi kwa pupa, na trekta likaruka kama ndama. Ndoa yetu ilikuwa haijamaliza mwaka. Nilijua tulikuwa peke yetu duniani.

"Nilikuwa najaribu tu, Baba."

"Basi jaribu tena," alisema, akaenda kufungua ng'ombe.

Julai 3.

Nimefika Bariadi na pamba ya Felisita! Jirani yangu huyu hana woga. Alikaa juu ya mizigo yake njia nzima, kanga imefungwa kichwani kwa ajili ya vumbi, anawapungia watu kama yuko kwenye kampeni. Na kampeni nazo zimeanza. Magari ya vyama yanapita na vipaza sauti, kila moja lina bendera yake. Kwenda mbele hakuna taabu. Unashika usukani, unatazama mashimo, tela linakufuata kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Shida ni kiwandani. Pale huingii kwa mbele. Ghala lina jukwaa la kushushia mzigo, na kila gari linapaswa kurudi nyuma, lipite kati ya ukuta na nguzo ya chuma, mpaka mkia wake uguse jukwaa. Nikaweka gia ya kurudi. Nikageuza usukani kushoto ili tela liende kushoto. Likaenda kulia. Nikageuza kulia. Likazidi kujikunja mpaka gurudumu la trekta likakaribia kuligusa. Nikaenda mbele, nikaanza upya, likajikunja upande mwingine. Nyuma yangu foleni imefika barabarani. Madereva wanapiga mluzi. Mmoja akapaza sauti, "Mama, hilo halina pembe, usiliogope!"

Mtu mmoja mrefu akaja, ndiye anayeongoza magari pale uwanjani.

"Wewe ni mke wa Selestini," alisema. "Hili trekta nalijua. Mimi ni Kristofa, tulikuwa wote ushirika. Shuka, shemeji."

Nikashuka. Akaliingiza bila hata kusimama katikati. Nimerudi nyumbani na tela tupu, na aibu imejaa.

Julai 4.

Selestini angekuwepo angecheka, na mimi ningecheka.

Julai 10.

Safari ya pili. Kristofa ameniingizia tena.

Julai 13.

Ya tatu. Vilevile. Felisita anasema watu wananiita Dereva Nusu.

Julai 18.

Leo Kristofa alikataa kupanda.

"Nitakuonyesha kitu kimoja halafu utajitegemea," alisema. Akaniambia nishike usukani kwa chini, mkono mmoja, na niusahau kabisa usukani kwamba ni usukani. "Geuka utazame tela. Unataka liende upande wa ukuta? Mkono wako upeleke upande wa ukuta. Unataka liende kwenye nguzo? Mkono kwenye nguzo. Kidogo kidogo. Ukiona linaanza kujikunja, usipigane nalo. Nenda mbele, linyooshe, anza upya. Kwenda mbele siyo kushindwa."

Nikajaribu. Kwa mara ya kwanza tela likanisikia, japo kwa hatua chache tu, kisha likapotea. Mwishoni yeye ndiye aliyelimalizia. Lakini alivyokuwa akilinyoosha alinisimulia jambo ambalo sikulijua.

"Mumeo alipoanza kujifunza tela la ushirika, aliangusha choo cha mwangalizi. Kizima! Bahati hakukuwa na mtu ndani. Alikaa chini ya lori akalia kama mtoto. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Aliniambia alizaliwa anajua.

Njia nzima nimekuwa namwaza huyo kijana aliyekaa chini ya lori analia. Nilidhani namfahamu mume wangu wote, sasa nimepata kipande kingine chake, na sina wa kumwambia kuwa nimekipata. Nimemtamani leo kuliko siku zote.

Julai 25.

Joto. Kila lori linalotoka upande wa Mwanza nalitazama mpaka vumbi lake linatua.

Agosti 1.

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa na pamba ya Felisita ya mwisho, ile safi ya kuchuma mapema aliyoitunza ndani, na amekaa juu yake kama kawaida. Tumefika kiwandani, Kristofa hayupo, amekwenda msibani. Aliyekuwa akiongoza magari ni mwingine, mwenye haraka zake. "Wewe, ingiza!" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwomba dereva mwingine. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi kichwani wiki nzima, na nikajiona tayari.

Nilianza vizuri. Mkono chini, macho nyuma. Tela likaingia nusu, likapita nguzo, na moyo wangu ukaruka. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilikanyaga mafuta. Tela likatupa mkia ukutani, upande mwingine ukabana kwenye nguzo. Nikasikia mlio wa bati linavyochanika. Ubao wa pembeni ukang'oka, magunia yakaanguka na kupasuka, pamba nyeupe ya Felisita ikamwagika juu ya udongo uliolowa oili. Felisita aliruka kabla. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Hakuna hata aliyepiga mluzi. Heri wangepiga.

Msimamizi wa uwanja akaja, akatazama nguzo, akatazama mimi. "Tela hili lisionekane hapa tena mpaka lije na dereva."

"Dereva ni mimi."

"Nimesema dereva."

Tuliokota pamba mimi na Felisita kwa mikono. Iliyochafuka walikataa kuipokea. Felisita hakunitazama mpaka tumemaliza. Kisha akasema taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyoniumiza:

"Ungesema tu huwezi, Nyanjige. Mimi ningengoja."

Wakati wa kurudi hakupanda. Alisema anapitia kwa dada yake. Nimeendesha peke yangu hadi Lagangabilili, na ubao uliovunjika ukigonga nyuma, kila shimo ukigonga. Nimekasirika na Selestini leo. Mara ya kwanza nimekasirika naye kwa sauti, barabarani, natukana upepo.

Agosti 2.

Sikutoka nje.

Agosti 4.

Asubuhi nimekuta Mzee Ngassa ametengeneza ubao wa tela, kaupigilia na vipande vya mti wa zizi. Halafu nimemwona amekwenda kwenye shamba tulilokwishachuma, kasimika miti miwili, kaacha nafasi kama mlango. Kaenda mbali akakaa juu ya kichuguu na fimbo yake.

Hakuniita. Nililiwasha trekta.

Mzee hajawahi kushika usukani maishani mwake. Lakini kutoka pale anaona ambacho mimi sioni. Mkia wa tela ukipotea kulia, anainua fimbo kulia. Ukipotea kushoto, kushoto. Nikiwa sawa, fimbo inakaa mapajani. Tumefanya hivyo mpaka ng'ombe waliporudi. Hatukusema neno, na heshima yetu haikuvunjika.

Agosti 5.

Miti nimeiangusha yote. Mzee kaisimika tena.

Agosti 6. Jumapili.

Kanisani. Felisita alikaa benchi jingine.

Agosti 9.

Mti mmoja umesimama.

Agosti 13. Jumapili.

Baada ya misa nimekutana na mtu wa Kiloleli aliyekuwa Geita. Alisimama na wanaume chini ya ukuta wa kanisa. Nikamsalimu, nikamuuliza. Alisema ndiyo, Selestini anamfahamu, mzima, wanachimba maduara ya jirani, yale mashimo ya dhahabu. Alikuwa mchangamfu hadi nilipouliza kama anakula vizuri. Hapo akatazama viatu vyake.

"Anakula, mayo. Kuna mtu anampikia."

Nikamwambia asante. Nikamwambia asalimie kwao. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa naona jua tu.

Agosti 14.

Nimewasha trekta, nimekaa juu yake, nimelizima.

Agosti 16.

Najaribu kumchukia lakini siwezi kushikilia. Chuki inanitoka mkononi kama maji. Nabaki na vitu vidogo. Anavyokohoa kabla ya kuingia ndani. Anavyomenya viazi, maganda marefu yasiyokatika. Najiuliza huyo anayempikia anajua kwamba Selestini hali mlenda mpaka upoe.

Agosti 19.

Limeingia.

Nimerudia kuhakikisha, likaingia tena. Miti yote miwili imesimama, na tela liko katikati kama limechorwa. Fimbo ya Mzee haikuinuka hata kidogo. Nikageuka kwenye madigadi kumwambia mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Bati tupu, na vumbi.

Agosti 22.

Nimekwenda kwa Felisita. Nimempelekea michembe, viazi vya kukausha, na nikamwomba radhi. Akasema, "Nimesikia mzee wako anakesha kwenye kichuguu kama bundi." Tukacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka hadi mabega yanatikisika. Nimekuwa namtazama kama mtu aliyenikasirikia, kumbe alikuwa ananihurumia na hajui aanzie wapi.

Agosti 28.

Bariadi tena. Felisita kakaa juu ya pamba ya kaka yake. Msimamizi alipotuona akaanza kutikisa kichwa, Kristofa akamwambia, "Mpe nafasi, likikwama nalitoa mimi." Halafu Kristofa akasimama pembeni, mikono nyuma, asiniashirie chochote.

Mara ya kwanza nililiona linajikunja, nikaenda mbele. Mara ya pili vilevile. Hakuna aliyepiga mluzi, au walipiga na sikusikia. Mara ya tatu mkia ukagusa jukwaa. Si vizuri, limekaa upande kidogo, lakini limeingia. Felisita alishangilia peke yake pale juu mpaka wapakiaji wakamcheka.

Septemba 2.

Wateja wameongezeka. Kila siku niko barabarani.

Septemba 8. Ijumaa.

Amerudi.

Nilikuwa chini ya trekta napaka grisi. Nikasikia mtu anakohoa. Sikutoka haraka. Nililala pale nikitazama viatu, viatu nisivyovijua, na nikaogopa kwamba vikiondoka nitakuwa nimeota.

"Nyanjige."

Amekonda. Macho yamekwenda ndani, na kikohozi kile si kile cha zamani, hiki kinatoka mbali. Nilitaka kumshika na nilitaka kumpiga, mikono ina grisi, nikabaki nimeining'iniza tu. Nikamwambia, "Karibu," kama mgeni. Yeye akasema, "Asante." Miezi yote ile, na maneno yalikuwa hayo.

Amekula. Nimengoja mlenda upoe.

Kisha akasema kilichomleta. Duara lao limejaa maji. Mwenye duara amekubali kumpa sehemu kubwa iwapo ataleta trekta na tela la kubebea mawe. Wamebakiza kidogo kufika kwenye mwamba wenyewe, alisema, na akaongea haraka, na uso ukawaka kama siku tulizokutana. Nilimwangalia na nikaelewa kuwa hilo duara analipenda.

"Nani anakupikia?" nikauliza.

Hakukataa. "Machimboni mtu hawezi kuishi peke yake."

"Hata huku."

Akainamisha kichwa. Alikwenda kwa baba yake. Niliwasikia kutoka jikoni, Mzee hakupandisha sauti. "Ng'ombe walikuwa wangu nikakupa wewe. Sasa trekta na tela ni vyako, sinyang'anyi. Lakini msimu huu siyo wewe uliyeliendesha. Kaongee na mkeo."

Septemba 10. Jumapili.

Yupo ndani na bado namsubiri. Sijui namna nyingine ya kuandika. Anakaa mlangoni, anavua viatu, namsimulia siku yangu, anaitikia "enhee". Niliyemkumbuka yuko pale, halafu hayupo, anatazama barabara kama nilivyokuwa naitazama mimi.

Nimemwambia: kesho tuna pamba ya watu, nimeahidi. Tuipeleke. Ikishashushwa nitakupa ufunguo pale pale.

Septemba 11.

Alikaa kwenye madigadi. Hakuna aliyecheka. Bega lake liligusa langu kila shimo, na nilikuwa naona mashimo na sikuyakwepa yote.

Kiwandani Kristofa alimkumbatia, akampiga mgongoni, kisha akamwachia, akitazama alivyokonda. Zamu yangu ikafika. Selestini akashuka, akaenda nyuma kuniongoza, akainua mikono kama walivyokuwa wakifanya ushirika. Nikaweka gia. Mkono chini, macho nyuma. Katikati ya safari ile fupi niliona mikono yake inashuka. Hakuwa na cha kuniongoza. Tela liliingia moja kwa moja, likagusa jukwaa kwa mguso ule mdogo, na nikavuta breki. Kabla ya hapo sikuwahi kuliingiza kwa mara moja pale kiwandani.

Alikuja pembeni ya gurudumu. Macho yake yalikuwa na maji, sijui ni vumbi.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Kristofa. Baba. Wewe mwanzoni."

Wapakiaji wakamaliza. Dereva wa nyuma akaniuliza kama kesho nitapita kwao kubeba pamba iliyobaki. Nikashuka, nikampa Selestini ufunguo. Nilikuwa nimeahidi. Aliushika. Alilitazama trekta, ubao alioupigilia baba yake, foleni, Felisita aliyekuwa anajifanya anafunga kanga. Kisha akanirudishia.

"Nikienda nalo sitarudi, Nyanjige. Najijua."

"Basi baki."

"Nibaki nifanye nini? Nikae kwenye madigadi?"

"Kaa popote. Baki tu."

Nilisema mbele ya watu. Sijali. Nilimtamani pale, amesimama mbele yangu, kuliko nilivyomtamani akiwa Geita. Akanishika uso kwa mkono mmoja, mkono mgumu kama mwamba wanaoutafuta, akakohoa, akaondoka kuelekea stendi. Gari la Mwanza lilikuwa linaita abiria. Sikumfuata. Trekta lilikuwa limeziba jukwaa na wenzangu walikuwa wanangoja. Nikalitoa.

Septemba 12.

Nimebeba pamba ya yule dereva wa jana. Nilimwahidi.

Septemba 24. Jumapili.

Mawingu upande wa ziwa. Yamepita tu.

Septemba 30.

Pamba imekwisha vijijini. Kristofa anasema msimu ujao kiwanda kitataka matela zaidi, niwahi. Watu wameanza kuniuliza habari ya kulima.

Oktoba 8. Jumapili.

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu tunatoka kanisani, ya kweli, ardhi imenuka, na kesho nikiweza nitafunga jembe la trekta nianze kwa Felisita.

Jioni nimesonga ugali. Siku chache tu alizokaa Selestini zimeuharibu mkono wangu. Nilipoupakua nikaona ni wa watu watatu. Nimepeleka wa Mzee pale anapokula, nikaondoka kama desturi, nikala wangu jikoni, na ule uliobaki nikauweka pembeni nikawa nautazama unavyopoa. Sikuweza kuurudisha sufuriani wala kuwapa kuku.

Mzee Ngassa siku hizi anakula kama ndege, nusu ya sahani hurudi kila siku. Leo nimemsikia anaita kutoka kule, mvua inapiga bati.

"Mayo. Ugali umebaki?"

"Umebaki, Baba."

"Niletee."

Nikampelekea, nikaweka, nikaondoka. Baada ya muda nikakuta sahani mlangoni, tupu, ameiosha kwa maji ya mvua, hata punje haijabaki ya mimi kuitazama.